Kiti Kimoja Kila Jumamosi

Chumba namba 6, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 17 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, goti limetulia, na yule jogoo wa jirani ameacha kukuamsha kabla ya saa yako. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Kile kikohozi nilichokueleza kiliisha tarehe 2 Julai, asubuhi, bila dawa. Nimekiandika kwenye shajara. Najua utasema Rula hawezi hata kukohoa bila kuweka tarehe. Sema tu, dada. Jina hilo ulinipa mwenyewe nikiwa darasa la tano, siku nilipopima vitanda vyetu ili nimthibitishie mama kwamba chako kirefu kuliko changu.

Kwa kuwa miwani yako bado haijapatikana, najua anayekusomea barua hii ni mkweo. Nawe mwanangu nakusalimu, pamoja na mumeo na mtoto. Nakuomba jambo moja: usiruke mstari, hata ukifika mahali unapoona haya kumsomea mama mkwe. Haya ni yangu. Wewe unanikopesha mdomo tu.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu, dada, wewe husema, mimi huitikia ndiyo, halafu salio linakwisha. Barua haina wa kuikatiza.

Umeniuliza mara tatu nitahamia huko lini. Mara ya nne hukuuliza, ulitoa amri: nijibu kabla mwezi huu haujaisha, maana chumba cha uani ulichonitengenezea kimekaa kitupu tangu Januari, na mkweo anatarajia mtoto wa pili, nawe huwezi kuendelea kuwabananisha watu ndani huku chumba kizima kinalindwa na buibui. Una haki. Basi nitaeleza yote kwa mpangilio, kisha utaamua.

Barua yako ya kuniita ilifika tarehe 21 Novemba, wiki ya tatu tangu kiwanda kilipofunga stoo na kunipa mkono wa kwaheri. Siku hiyo hiyo nilichora jedwali. Miaka ishirini na sita ya kutunza stoo imenifunza kwamba mzigo usiopimwa hausafiri, unapotea. Nikapima kila kilichomo humu ndani, urefu, upana na kimo, kuanzia kabati mpaka ndoo. Kisha nikaenda kwenye maegesho ya malori kumtafuta dereva mmoja anayeleta saruji huku na kurudi jimbo lenu akiwa hana mzigo. Wenzake wanamwita Taratibu, na mwenyewe anasema jina hilo ndilo lililomfikisha umri wa kupata wajukuu.

Taratibu alisoma jedwali langu mpaka mwisho, akaangua kicheko, akaniuliza kama nahama mimi au inahama hospitali ya wilaya. Kisha akanieleza kwa moyo mweupe. Alisema yeye hutoza kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, na kwa kilomita elfu moja mia moja na arobaini, kulibeba kabati langu peke yake ni sawa na kununua makabati mawili nikifika. Akanishauri niuze vyote, nifungashe nguo na godoro, nipande basi kama binadamu.

Nikafanya bajeti mpya. Nauli ya basi. Chakula cha siku mbili njiani. Malipo ya mizigo miwili. Matumizi yangu ya miezi mitatu kwako, ili nisije nikawa mgeni wa kula na kulala. Fedha kidogo ya matibabu. Mafao yangu yalifikia nusu ya safari, na nusu nyingine ilibidi itoke kwenye vitu vya ndani. Nikaandika tangazo, mwenye duka la chini akaniruhusu kulibandika ukutani kwake: vinauzwa vitu vya nyumbani, kimoja kimoja, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, ghorofa ya pili, chumba namba 6.

Mwenye duka aliniuliza kwa nini kimoja kimoja, kwani ni meno ya mtoto? Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyofanya stoo. Kitu kimoja, hati moja, saini moja, hakuna kutoa viwili kwa pamoja ukiwa zamu peke yako, usije ukachanganya. Wakati ule, dada, nilimjibu hivyo nikiamini ndiyo sababu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa tarehe 11 Januari, na kitu cha kwanza kilikuwa pasi. Aliyekuja ni mama wa ghorofa ya juu. Kwa miaka kumi na mmoja tumepishana ngazini, habari, nzuri, basi, kila mtu na njia yake. Alisema hawezi kununua pasi bila kuijaribu. Akapiga pasi mtandio wake. Kisha akanitazama, akasema hilo shati nililovaa linamdhalilisha yeye kama jirani, nilivue. Akalipiga pasi huku akinisimulia habari za wanawe wawili, mmoja mlevi na mmoja mlokole, na hajui nani anamchosha zaidi. Alipoondoka niliandika: Pasi imeuzwa. Mazungumzo, muda wa saa mbili na dakika kumi.

Tangu wifi yako atutoke, dada, miaka mitatu sasa, mlango huu ulikuwa haugongwi na mtu isipokuwa msoma mita ya umeme.

Siku ya kuuza meza nayo ilikuwa na kituko. Walikuja mwalimu wa chekechea na mume wake, wamefunga ndoa wiki mbili tu. Mume alitaka kujua kama meza inayumba. Mke akamwambia hata yeye anayumba na bado amemchukua. Nikawachemshia chai ili waipime meza wakiwa wamekaa, wakaipima mpaka jua likatua. Wiki iliyofuata nikauza kioo. Iliyofuata, pazia. Nilianza kununua majani ya chai kwa pakiti kubwa. Siku ya Ijumaa nilikuwa nafagia.

Kisha akaja fundi viatu wa pale kona. Alitaka viti vyote vinne, fedha mkononi. Nikamwambia nitamuuzia kimoja. Akasema viti hivi ni ndugu wa tumbo moja, na kuwatenganisha ni dhambi. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Basi akaja Jumamosi nne mfululizo, mwezi wote wa Juni. Kila akija, anakikalia kile kiti alichokuja kukichukua, anakunywa chai, anapiga hadithi za viatu. Anadai kumjua mtu kwa kisigino. Viatu vyangu alivipindua akaviangalia, akasema vimelika sawasawa pande zote, kama vya mtu asiyekuwa na mahali pa kukimbilia.

Jumamosi ya tatu, tarehe 21, aliweka kikombe chini. Akaangalia kuta, akaangalia mahali meza ilipokuwa. Kisha akaniambia kwa upole, kama anavyomwambia mteja kwamba kiatu hiki hakishoneki tena, kwamba mimi siuzi viti, nauza Jumamosi, na yeye amekuwa akizinunua kwa sababu bei yake nafuu. Nikacheka. Nikamwambia chai inapoa, fundi. Alipotoka, nilifungua shajara nikashika kalamu, na siku ile imebaki nyeupe. Ni ukurasa pekee mtupu kwa mwaka huu wote.

Sasa, dada, vuta pumzi. Nawe mwanangu, soma polepole.

Fedha za kuhama zilitimia tarehe 9 Machi. Nimeifungua shajara hapa mbele yangu, na maneno ni haya: Bajeti imekamilika. Sijamwambia dada. Mwezi wa nne nilikuandikia kwamba nauli imepanda. Haikupanda. Mwezi wa tano nikakuandikia kwamba Taratibu amenigeuka na kuongeza bei, na maskini Taratibu hana hata kitu changu cha kubeba, wala hatujaonana tangu Desemba. Nilimsingizia mtu mwema. Wewe ukanionea huruma, ukanitumia fedha za miwani yako, ukasema macho yanaweza kusubiri ila ndugu hasubiri. Sikuzigusa. Jana nimezirudisha zote kwenye simu ya mpwa wangu. Mwambie asikupe mkononi, akupeleke mwenyewe kwa daktari wa macho, maana nakujua, utanunua mabati.

Sikukudanganya kwa ajili ya Jumamosi peke yake. Kuna jambo la pili, na hili ndilo limekuwa zito kulisema.

Katika barua yako ya Januari ulinieleza kwa furaha kwamba fundi amefungua mlango wa chumba cha uani upande wa kichochoro, ili nitoke na kuingia bila kusumbuliwa na mtu. Ukasema umeniwekea na jiko langu dogo, nisifungwe na saa zenu za kula. Ukasema mtoto amekatazwa kuja huko nyuma, babu yake apumzike. Ulifanya kwa mapenzi na kwa heshima, na mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliikunja barua nikakaa kitandani muda mrefu. Niliona nakusanya nauli ya siku mbili ili niende kukaa chumba namba 6 kingine.

Nimepumzika vya kutosha, dada. Nimepumzika miaka mitatu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ndiyo sababu nilitaka mkweo alisome kwa mdomo wake mwenyewe. Chumba cha uani mpeni yeye na mume wake na huyo anayekuja. Mlango wa kichochoroni utawafaa vijana. Mimi nitafutieni pa kutandika godoro ndani, sebuleni, ukumbini, popote ambapo mtu akienda kunywa maji itabidi aniruke. Nakoroma, hilo unalijua. Nitagombezwa, na nitazoea. Sitaki jiko langu. Nataka kuitwa chakula kikiwa tayari, na nikichelewa nisikie unalalamika.

Kama nyumba haina nafasi, niambie bila kuzunguka. Sitanuna. Nitabaki huku, na mkweo atapata chumba chake vilevile. Hakuna atakayepoteza ila mimi, na mimi nimezoea.

Naandika leo kwa sababu jana vitu vilikwisha. Kilichobaki ni kitanda, na nilikuwa nimekitangaza. Saa nane alikuja mama wa ghorofa ya juu. Alikitazama tu akiwa mlangoni, akasema hawezi kununua kitanda cha mtu ambaye bado anakilalia, ni kama kununua jeneza kwa maiti anayepumua. Kisha akaniuliza nitakwenda lini hasa, nami nikajifanya nakunja shuka. Akashuka zake. Sikuwa na kiti cha kumkaribisha. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na tano, na jioni yote ilikuwa bado iko mbele.

Usinisamehe haraka kwenye barua. Nikija utanisema uso kwa uso, utanisema mpaka uchoke, nami sitatia neno.

Nisalimie mpwa wangu, umwambie mjomba wake anamshukuru kwa uvumilivu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na hilo katazo la kuja huko nyuma liondolewe tangu leo, hata kama mimi sijafika. Mungu akulinde, goti lako na macho yako.

Mabasi ya kuja huko ni mawili, moja linafika saa kumi na moja jioni, jingine saa tatu usiku. Kama jibu ni ndiyo, niandikie tu huwa mnakula saa ngapi, ili nijue nipande lipi niwakute bado hamjaondoa sahani.

Ni mimi mdogo wako,
Rula