Salamu Iliyoninasa Mlangoni

Rosa mkwe wangu,

Maharage yapo jikoni, usiongeze chumvi. Nimekwenda zahanati, polepole, na fimbo.

Asubuhi nilinyanyua debe la maji uliloliacha chini. Niliinama kiuno, miguu imenyooka, na mgongo ukalia ko! Hapo hapo baba yako Tharsisi akapiga hodi. Nikainama kumsalimu, "Mwakeye," nikanasa. Yeye akadhani nazidisha heshima, naye akainama zaidi, akaniuliza habari za ng'ombe, za mbuzi, mpaka za kuku. Nilijibu zote nikitazama viatu vyake vya matairi. Kuinuka siwezi, na kumwambia mkwe kiuno kimegoma naona haya.

Wewe na mimba hiyo, debe ~~usiliguse~~. Nimefuta, maana tutakunywa nini? Jaza nusu. Chuchumaa, likumbatie kifuani, uinuke kwa mapaja. Na jembe langu la mpini mrefu lichukue, uache kulima umejikunja.

Baba yako aliondoka akisema hajapata kuheshimiwa vile. Usimwambie kitu. Ila akija tena kabla sijanyooka, sema nimelala. Salamu nyingine kama ile itanizika.

Mama mkwe wako