Klachi Mbili na Msafara wa Bi Harusi

Jumapili, 2 Juni
Gari limefika! Jekundu, milango miwili, giaboksi ya klachi mbili. Nimemweleza mke wangu tangu chai ya asubuhi: klachi moja imeshika gia ya pili, nyingine ishaandaa ya tatu, kufumba na kufumbua umebadilisha. Akauliza bi harusi na gauni lake watapitia wapi. Binti yetu anaolewa tarehe 15, na nimeshatangaza kwamba nitampeleka mimi.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kuliona. Naye ana gari la kasi, ila otomatiki ya kizamani: injini na giaboksi zinaunganishwa na mafuta. Mafuta! Nikamwambia hiyo ni kama kupeana mikono mmevaa glavu. Akacheka, akasema kweli, lakini kwenye foleni linatambaa lenyewe raha mustarehe. Mkwe mtarajiwa akajitosa kutetea lake la mkanda — lile lisilo na gia hata moja, watengenezaji wakaliwekea za uongo ili dereva ajisikie. Nimemsamehe. Mtoto wa watu.

Jumamosi, 8 Juni
Foleni kwenye mlima wa hospitali. Harufu ya kuungua! Nikafunga vioo, nikalilaumu lori la mbele. Ukweli naujua, si nimewahubiria wote? Klachi hizi hazipendi kutambaa. Nenda au simama.

Alhamisi, 13 Juni
Kikao cha harusi. Mpiga video anataka msafara uende mwendo wa miguu. Yeye atatangulia kinyumenyume na kamera, toka darajani hadi ukumbini. Kote huko ni kupanda! Nikapendekeza kilomita sitini kwa saa. Dada yangu akauliza kwani tunamtorosha bi harusi? Shemeji akasema kwa upole lake lipo, likihitajika. Nikajibu halitahitajika. Sijui kwa nini. Kusema "asante, shemeji" kungenigharimu nini? Ulimi ulikataa.

Jumamosi, 15 Juni
Tumekwama katikati ya mlima. Taa nyekundu: giaboksi ina joto, subiri. Naandika juu ya usukani nionekane nina shughuli. Mpiga video bado anarekodi, hana haya. Nyuma honi zinalia — wanadhani ni shangwe.

Shemeji kaja na mwavuli, gari lake linangoja nyuma. Kamfungulia binti yangu mlango, kamshikia gauni lisiburuzike. Hakucheka. Angecheka ningekuwa na la kumjibu. Sasa nimebaki na aibu tu, aibu hasa.

Nimemwambia binti dakika chache, itapoa. Nikaanza kumweleza kwa nini ile ya mjomba wake haichemki hivi, kwamba mafuta yale... Akanishika mkono.

"Baba, nimeelewa. Unakuja na mimi, au unabaki na gari?"

Kabla ya kumjibu nimeitazama taa. Binti kaniona. Bado kasimama kwenye mlango wa gari, na mimi bado naandika —