Saladi ya Fundi wa Meno

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimedanganya mbele ya sahani. Fundi — mume wangu, baba wa wanangu — karudi sokoni asubuhi na kikapu kimefura. Majani ya saladi, matango, nyanya, karoti, maharage mekundu, mayai, kidari cha kuku, mkate wa jana. Na vitunguu saumu vichwa saba! Nikamuuliza, tunafukuza mbu? Akacheka. Kasema leo mimi nikae, yeye ndiye mpishi. Meno hayapimwi kwa uji, kasema.

Nikayagusa meno kwa ulimi.

Ni wiki ya tatu sasa tangu anivalishe haya meno ya juu. Kayatengeneza mwenyewe kwenye karakana yake ya uani. Miaka thelathini na moja anawatengenezea watu meno, nusu ya mji huu unacheka kwa mikono yake, lakini haya ya mkewe kayachonga kama lulu. Siku ya kunivalisha alisimama mbele yangu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Yanakaa? Nami, kwa vile alivyonitazama, nikasema yanakaa sawasawa.

Hayakai. Nyuma, upande wa kushoto, yanabana kama kiatu cha mtu mwingine. Ningesema siku ileile ingekuwa jambo dogo. Lakini uongo ukishalala nyumbani usiku mmoja, asubuhi unaamka mwenyeji.

Zamani kila mwisho wa mwezi tulikwenda mgahawa ule wa karibu na stendi, tunaagiza saladi moja ya kushiba, sahani kubwa kama karai, tunakula wawili na kugombea kipande cha mwisho cha mkate wa kukaanga. Tangu ning'olewe meno sijakanyaga pale. Sasa kaamua: kama mimi siiendei saladi, saladi itanijia.

Ila sosi imemshinda! Kamimina mafuta yote kwa mkupuo juu ya kiini cha yai, ikakatika — mafuta huku, mabonge kule, kama ndugu waliogombea urithi. Kaila hivyohivyo, anajisifu. Mimi tango nimelifyonza. Kuku nimemficha shavuni kama tumbili, kisha kwenye leso. Nikasema, tamu! Uso wake ukachanua.

Mungu anisamehe.

Jumapili, 5 Machi

Maji ya chumvi mara nne. Kidonda kwenye ufizi ni kama punje ya mchele. Kesho kazini nitayavua kama kawaida. Nashona vifungo na kupunguza suruali kwenye duka la dobi, nyuma ya rundo la makoti, hakuna anionaye. Meno nayaweka kwenye kopo la vifungo. Siku mteja akilifungua atazimia, tutammwagia maji!

Jumanne, 7 Machi

Fundi kaenda mgahawani kumbembeleza mpishi ampe siri ya sosi. Mpishi yule ni mama mkavu, hacheki na mtu. Kwanza kamfukuza. Fundi akakaa kwenye benchi la jikoni akamenya vitunguu saumu vya watu mpaka mama akachoka naye. Kamuuliza, hii saladi ni ya nani hasa? Fundi kajibu: ya mke wangu, hali vizuri siku hizi.

Kumbe anaona. Si kila kitu, lakini hilo ameliona.

Karudi na maelezo kwenye kipande cha karatasi. Kanipa nimsomee. Eti mama yule ana mwandiko wa kuku. Nimesoma. Herufi kubwa, zimenyooka, hata mtoto wa chekechea angesoma.

Nimesoma kwa sauti mara mbili, yeye anatikisa kichwa, anakariri. Vitunguu saumu visagwe na chumvi. Viloweke kwenye maji ya ndimu dakika kumi, ukali upungue. Kiini cha yai kisiwe cha baridi. Haradali kijiko cha chai. Mafuta tone kwa tone, mkono usisimame. Mwisho mtindi. Na chini kabisa, kwa herufi za kugombeza: USIHARAKISHE.

Ijumaa, 10 Machi

Wifi kapita akitoka kazini. Ni dada yake Fundi, mdogo wake kwa miaka miwili, na anafanya usafi kwenye kliniki ya daktari wa meno — yuleyule anayempa Fundi kazi. Wifi ana mdomo, lakini moyo wake mkate wa moto. Kanikuta nakoroga uji. Kasema, ama kweli kinyozi hajinyoi! Mke wa fundi wa meno anakula kama mtoto wa miezi sita!

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kachungulia uani, kaona mlango wa karakana umefungwa, akakaa karibu yangu.

Kasema mwezi huu wagonjwa wawili wamerudisha meno aliyotengeneza Fundi. Mwezi uliopita mmoja. Yanabana, hayalali. Daktari kayapeleka kimyakimya kwa fundi mwingine ayarekebishe, na Fundi hajaambiwa. Kwa heshima, kasema wifi. Amefanya naye kazi tangu nywele zikiwa nyeusi, atamwambiaje?

"Usimwambie kaka, wifi yangu. Itamuua."

Nikamwambia sitamwambia. Kisha nikavua meno yangu nikamwonyesha kidonda.

Kakitazama muda mrefu. Kanimiminia uji wangu kwenye kikombe, akanipulizia upoe.

Jumamosi, 11 Machi

Sosi imekubali! Nimesimama mlangoni mwa jiko nikimtazama, naye hakujua. Kumbe upishi wake haufuati macho kabisa. Kitunguu saumu anakiponda kwenye kinu na kusikiliza. Mlio ukibadilika anajua kimelainika. Chumvi anaipima kwa vidole. Mafuta yanadondoka, mkono wake wa kulia unazunguka, uleule mkono unaokoroga plasta ya meno, na bakuli linageuka taratibu kuwa zito, jeupe, linang'aa. Kachovya kidole, kafumba macho. Kajiambia peke yake: naam, bwana!

Nikampenda upya. Katika umri huu! Nilitaka kumwendea nimkumbatie na aproni yangu ya maua aliyoivaa kinyume.

Kapanga kama mgahawani. Majani chini, maharage, karoti, matango, nyanya pembeni, mayai yamekatwa nusu, kuku juu, mkate wa kukaanga, sosi imemiminwa kwa maringo. Harufu imejaa nyumba nzima.

Kwenye jani la kwanza nililoinua kulikuwa na konokono. Mdogo, mzima, kabeba nyumba yake mgongoni. Anatembea zake.

Mume wangu ni mtu anayeosha kikombe kilichooshwa. Majani yale kayaosha mara tatu, nimemhesabia. Sahani ilikuwa chini ya pua yake na hakumwona.

Nikamchukua konokono, nikamficha kiganjani, nikasema naenda kuchukua chumvi. Nimemweka kwenye chungu cha maua dirishani. Niliporudi machozi yakawa yananitoka, nikasema ni hiki kitunguu saumu chako.

Fundi kauma uma wake, kafikiri.

"Mama, kitunguu saumu hakimlizi mtu. Kinacholiza ni kitunguu maji. Na leo sikuweka kitunguu maji."

Nikasema basi ni utamu.

Jumatano, 15 Machi

Nimejaribu. Nimeshindwa vibaya.

Tulikuwa tunakunywa chai. Nikaanza mbali, nikasema mimi naona giza giza kidogo nikitunga uzi kwenye sindano, nafikiri niende kwa yule daktari wa macho, kwenye jengo la posta. Twende wote, tutoke matembezi. Kaweka kikombe. Kilikosa kisahani, chai ikamwagika, akaifuta haraka kwa mkono wa shati kabla sijaona. Niliona.

Kasema macho yake hayana shida. Kasema macho ya fundi yako kwenye vidole. Kisha kaniuliza, taratibu, bila hasira:

"Kwani meno yana kasoro?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitakiwa. Nami mke wake wa miaka ishirini na tisa nikasema:

"Hayana."

Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 16 Machi

Uji. Kanipigia pasi gauni la kazini bila kuombwa. Kanyoosha kola vizuri, mgongoni kaacha mikunjo.

Jumamosi, 18 Machi

Naandika haraka. Ni alasiri, Fundi yuko karakana anatafuta kitu, nasikia anaangusha makopo.

Leo kamwalika wifi aje aonje. Kavaa shati jeupe, katandika kitambaa cha mezani. Saladi ya tatu, na ndiyo bora kuliko zote — bora kuliko ya mgahawani, naapa! Sosi ilikuwa laini, kitunguu saumu kinakuja nyumanyuma bila kukupiga kofi. Wifi kala kama mtu aliyetoka kulima. Kasema, kaka, acha meno ufungue hoteli. Kisha akagundua alichosema, akainamisha uso kwenye majani.

Fundi alikuwa haniachi. Ameegemea mbele, kageuza sikio. Hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa anasikiliza ninavyotafuna! Wiki zote hizi saladi si chakula tu. Anataka kusikia meno yake yakifanya kazi mdomoni mwangu.

Basi nikasema potelea mbali. Nikachukua kipande kikubwa cha mkate wa kukaanga, kikavu, nikakiweka kushoto, nikauma. Kwa nguvu. Kwa ajili yake.

Kilivunjika kwa mlio mzuri sana. Fundi kausikia, katabasamu. Nami nikaona nyota. Nikatema kwenye sahani kabla sijajizuia.

"Kaka!" wifi kapiga kelele. "Mkeo anatoka damu!"

"Wapi?"

"Hapo! Kwenye yai!"

Fundi kainama. Kaivuta sahani mpaka karibu iguse pua. Yai jeupe, tone jekundu katikati. Katazama hapo hapo.

"Hii si nyanya?"

Wifi kaziba mdomo kwa mikono miwili. Fundi kagusa lile tone kwa kidole, kasugua kidole na gumba, kanusa. Ndipo akajua.

"Tangu lini?" kauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Nilidhani atavunja sahani. Bora angevunja. Kakaa tu, mikono juu ya kitambaa, kama mtu aliyeteremka kituo kisicho chake. Kisha kaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli: uliponivalisha ulikuwa umefurahi mno. Kasema, sasa umekaa na maumivu mwezi mzima kwa sababu mimi nilifurahi? Nikasema ndiyo. Kasema, wewe mwanamke una wazimu. Lakini sauti yake ilikuwa imelowa.

Wifi naye, maadam mtungi umeshapasuka, akamwambia ya wale wagonjwa watatu. Kamwambia huku analia, kamshika bega. Fundi kanyanyuka, kaenda karakana. Wifi kaniaga, kanibusu, kaondoka na viatu mkononi hadi nje, sijui kwa nini.

Nikaogopa kumfuata. Nikakaa nikaandika haya ya hapo juu.

Karudi. Naendelea, maana kaenda tena kuchukua tochi.

Kaja na tupa ndogo na vipande vya karatasi ya bluu. Kaweka kiti karibu na dirisha. Kaniambia niume karatasi. Palipoinuka patashika rangi, hapo ndipo pa kupunguza. Nikauma. Kayavua meno kwa mikono yake miwili, kayageuza kwenye mwanga. Kayasogeza. Kayarudisha nyuma. Kafumba jicho moja, kisha lingine. Jasho limemtoka.

"Sioni," kasema.

Miaka ishirini na tisa sijawahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Kanishikisha tupa.

"Wewe kazi yako tundu la sindano. Nionyeshe alama iko wapi."

Ilikuwa jino la nyuma, nukta ya bluu kama kichwa cha pini. Kaweka vidole vyake juu ya vyangu, kanifundisha: huku, si huko. Usikandamize. Sikiliza. Mimi naona, yeye anasikia. Unga mweupe ukadondoka kwenye gauni langu. Tumesugua, tumesuuza, nimevaa.

"Uma." Nikauma. "Inauma?"

Nilitaka kusema hapana. Ulimi ulishajiweka tayari, mazoea yana taabu.

"Inauma," nikasema. "Kidogo kuliko asubuhi. Lakini inauma."

Kashusha pumzi ndefu. Kanipigapiga shavu, upande usio na kidonda. Tumesugua tena. Na tena. Saladi iko mezani, majani yameanza kulegea, hakuna anayejali.

Sasa hivi karudi na tochi. Hajaiwasha. Kaketi, anaichezea. Kauliza, kama mtu anayeuliza saa, yule daktari wa macho yuko ghorofa ya ngapi.

Nimemwambia ya tatu.

Kasema ngazi za pale ni mbovu.

Nimemwambia nitamshika mkono.

Anapekua karatasi za bluu kwa vidole, anatafuta iliyobaki safi. Amenipa.

"Acha kuandika, mama. Uma tena."