Somo la Tatu la Skolastika

Songea, Jumatano

Kwa mpwa wangu Skolastika,

Mimi ni mzima. Mvua huku zimechelewa na mahindi yananyauka, lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Masomo uliyowakusanyia walinzi wapya wa msitu, wayasome kwenye simu zao, nimeyatazama yote kama ulivyoniomba. La moto na la miche ni mazuri. La tatu ni video ya mashamba ya kwetu Kinole, kule mlimani kando ya msitu, na msemaji anawaita wenye mashamba hayo wavamizi wa msitu.

Jana nilipokupigia ulicheka. "Mjomba jamani, video siyo yangu! Nimeikuta mtandaoni. Mimi nachagua tu na kupanga."

Unachagua tu? Kati ya video zote zilizojaa huko, mkono wako ulishika hiyo, na ofisi ikakuamini. Mlinzi hatauliza nani aliitengeneza. Atapanda mlimani na neno ulilompa wewe. Mimi nilihamishwa kutoka kwetu kwa neno hilohilo nikiwa kijana, na mpaka leo naishi ugenini.

Sisi Waluguru ardhi tunaipata kwa mama. Shamba linaloonekana kwenye video hiyo, lenye mdalasini na mafenesi, ni la mama yako, na kesho ni lako. Umejiita mvamizi, Skola, ukawapangia watu somo la kukufukuza.

Walinzi wanapanda mlimani mwanzoni mwa mwezi ujao. Iondoe video hiyo. Ukishindwa, panda nao, usimame mlangoni kwa mama yako, uwatambulishe mvamizi wao.

Mjomba wako, na hasira zangu,
Dominiko