Boma Ndani ya Simu

Ijumaa, mtaani Iftin. Joto lile lile. Asubuhi lilitokea wingu upande wa mtoni, watu wakalitazama kwa adabu, likaondoka zake. Hali yangu sijui niiite nini. Si ugonjwa. Niseme tu nimenywea.

Wiki hii nimeshinda pambano la gemu ambalo limekuwa likinishinda tangu kabla ya Ramadhani, na sina raha nalo hata chembe.

Kwa ambaye hajui, ni gemu ya kukamata viumbe. Unatembea porini, kiumbe anatokea, mnapigana, ukimchosha unamnasa. Unatembea na sita tu, waliobaki wanakaa ghalani. Kila mji una bingwa wake, na huruhusiwi kwenda mji unaofuata mpaka umwangushe. Bingwa wa mji wa saba ana mjusi wa mawe. Mjusi huyo amenidhalilisha mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Dawa yake inajulikana, ni kupandisha levo. Unazungukazunguka kwenye nyasi, unapigana na vijinyama vya porini, kimoja baada ya kingine, mpaka wako wakomae. Hakuna ujanja mwingine. Nyasi, vita, nyasi, vita. Mimi kazi hiyo inanichosha. Nashinda kutwa nikiuza dawa za minyoo na za kupe kwenye agroveti karibu na soko la mifugo, na nikifika nyumbani sina subira ya kurudia jambo lile lile mpaka vidole viume.

Ndipo nilipomfikiria Aabo.

Baba yangu alichunga ng'ombe upande wa Kotile maisha yake yote. Ukame uliopita uliwamaliza. Alikuja kwangu na Hooyo, mama yangu, akiwa na bakora yake na birika la udhu, akakaa kwenye mkeka sebuleni akiangalia mlango. Sitii chumvi. Aliangalia mlango. Ukimwuliza jambo anajibu "haye", yaani sawa, na mazungumzo yameishia hapo. Miezi ilipita hivyo. Nilizoea, kama mtu anavyozoea bomba lisilotoa maji.

Basi nikampa simu yangu ya zamani, iliyopasuka kona, ambayo ndiyo yenye gemu yangu, nikamwonyesha nyasi ziko wapi na kidole kibonyeze wapi. Sitajipamba. Sikuwa namtibu mtu. Nilitaka kibarua wa bure.

Siku ya kwanza aliishika simu kama anashika yai. Siku ya pili niliporudi kazini alikuwa amenasa viumbe watano na anataka niwaandikie majina. Herufi hazisomi, ila rangi hazimpotei. Mweupe akawa Adey. Mweusi akawa Madobe. Ghala akaliita boma, na kila jioni kabla ya magharibi alilifungua akawapitia wote, mmoja mmoja, midomo ikicheza.

Lakini alicheza vibaya ajabu! Mchezaji yeyote angelia. Kwenye gemu hizi unachagua wachache wenye nguvu, unawalisha vita vyote, wale dhaifu unawasahau. Aabo alifanya kinyume. Aliwatanguliza wadogo, wakichubuka kidogo tu anawarudisha kwenye kituo cha matibabu, mwendo wote ule kwa mguu, halafu anaanza upya. Hakuna hata mmoja aliyezimia mikononi mwake. Alitaka wakue pamoja. Kwa hiyo hakuna aliyekua, na mjusi wa mawe aliendelea kustarehe mji wa saba.

Mwende, jirani yetu kutoka Kitui, alikuja siku moja kuomba kiberiti akamkuta ameinama. Akamwuliza mzee anafanya nini. Kiswahili cha Aabo ni cha mnadani.

"Nachunga," akamwambia. "Ona hii, Adey. Iko lefo tisa. Bado mtoto, habana bigana na mkubwa. Bole bole."

"Sawa, mzee," Mwende akasema, akachukua kiberiti chake akaenda.

Hooyo alifurahi, naye si mtu wa kufurahi ovyo. Alinifuata jikoni akaniambia: "Tangu tuje mjini hajaniuliza chakula kina chumvi au hakina. Leo ameniuliza chaja iko wapi." Tulicheka mpaka tukajifunika mdomo asisikie.

Sasa nije Jumatano.

Jumatano niliondoka na simu ile kwenda kazini, kwa sababu kulikuwa na ndege wa moto anayetokea mara chache na nilimtaka. Nilimpata saa ya chakula cha mchana. Gemu ikakataa kumpokea. Boma limejaa. Nikafungua nikaona foleni ya Aabo: levo tano, levo nane, levo sita, vitu ambavyo mjusi wa mawe angeviangusha kwa chafya tu. Kuna kitufe cha kuachilia. Nikaanza kubonyeza. Nilifanya kwa utulivu kabisa, kama ninavyoondoa rafuni dawa zilizopitwa na muda. Kila mmoja gemu iliuliza kama nina hakika, na kila mara nilikuwa na hakika.

Alasiri hiyo hiyo, katikati ya wateja wawili, ndege wangu wa moto na wenzake watano wakamwangusha bingwa. Haikuwa hata ngumu. Nilirudi nyumbani nimebeba tikiti maji.

"Bingwa ameanguka, Aabo," nikamwambia nikimpa simu.

"Haye," akasema. Akafungua boma.

Nyumbani tunaongea Kisomali. Naandika kwa Kiswahili, lakini maneno ni yake. Alipekua mara ya kwanza. Akapekua tena, polepole, akisogeza kidole ukurasa hadi ukurasa. Kisha akaniita "aabo", maana kwetu baba humwita mwanawe kwa jina lile lile mtoto analomwita yeye.

"Aabo, Adey yuko wapi?"

Nikamweleza. Kwamba nafasi ilikuwa imejaa. Kwamba wale walikuwa dhaifu, wasingefika popote. Kwamba gemu ndivyo ilivyo, kila mtu hufanya hivyo. Nilieleza vizuri sana, nazungumza na wateja wagumu kila siku.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliwaachia wapi?"

Nikasema sijui, gemu haionyeshi.

"Kuna maji huko?"

Akaiweka simu chini kwenye mkeka, kioo kikiangalia chini, akageukia mlango.

Tikiti maji tulilila mimi na Hooyo. Tulipokuwa tunaosha vyombo nikalalamika kidogo. Nikasema ni picha tu jamani, ni taa ndani ya simu. Hooyo akakausha mikono kwenye garbasaar yake, mtandio wake wa kijani, akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza.

Walipokuwa wanawasukuma ng'ombe wa mwisho kuelekea mtoni, wachache walishindwa kusimama. Aabo aliwaacha njiani ili aokoe waliobaki, ambao nao baadaye hawakuokoka. Mmoja wa walioachwa alikuwa Gududa, ng'ombe wake mwekundu, mama wa karibu nusu ya boma. Alikuwa bado anainua kichwa. Aabo alimmiminia mdomoni maji yake mwenyewe ya kunywa, akaondoka. Alimsimulia Hooyo mara moja tu, akamwomba asimwulize tena alimwacha wapi.

"Jina hilo halitamki," Hooyo akasema. "Hujaona? Wekundu wote wa kwenye simu amewapa majina mengine."

Ni kweli. Mmoja alimwita Moto. Mwingine alimwita jina la mjomba wangu mwenye hasira. Niliyaandika mwenyewe yote na sikuwahi kujiuliza.

Niliona aibu. Naandika wazi kwa sababu siku hizi sioni vitu vingi, lakini hiyo niliiona.

Alhamisi Aabo hakugusa simu. Nilipotoka asubuhi ilikuwa pale pale mkekani, na niliporudi ilikuwa pale pale, chaji imejaa. Hooyo akasema mchana alikunywa chai tu. Nilikaa naye. Nikamwambia mji wa nane una bahari, angependa kuiona. Akasema haye.

Jioni nikaichukua simu nikarudi mwanzo kabisa wa gemu, kwenye zile nyasi za kwanza ambako mchezaji wa levo yangu hana shughuli. Nilijua sitawapata. Ukishaachilia umeachilia, gemu haiweki kumbukumbu. Lakini nilizunguka. Vijinyama vya huko vikiniona na ndege wangu wa moto vinakimbia kabla sijavigusa, kwa hiyo ikabidi nimweke pembeni na kutembea na dhaifu kuliko wote niliobaki nao. Nilitembea polepole. Alipochubuka nikamrudisha kwenye matibabu. Muda wote huo nilikuwa nasikia jinsi Hooyo anavyopepeta mchele uani, na kwa mara ya kwanza gemu hii haikunichosha.

Nikapata mmoja. Mweupe, levo tatu, hana alijualo zaidi ya kuuma. Sikumpa jina. Nikaiacha simu karibu na bakora.

Leo Aabo amerudi kutoka sala ya Ijumaa, amevua kofia, ameketi. Nilikuwa nasonga ugali, nikawa nachungulia kupitia pazia kama mwizi. Aliitazama simu. Kisha akaichukua.

"Huyu si Adey," akasema bila kugeuka. Kumbe alijua nipo.

"Si Adey, Aabo."

"Mdogo hivi. Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

Nikarudi kwenye sufuria. Alasiri nzima nimesikia ile sauti ndogo ya kituo cha matibabu, ile kengele inayolia wakipona. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Hooyo ameisikia pia. Ameongeza chumvi kwenye mchuzi makusudi, nadhani, ili aone kama mtu atauliza.

Kabla ya magharibi Aabo ameniita. "Aabo, njoo uandike jina."

Nimefuta mikono nikachukua simu. Kiumbe alikuwa pale kwenye kioo, mweupe kama maziwa, hana doa hata moja.

"Andika Gududa," akasema.

Gududa maana yake mwekundu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia huyu ni mweupe, nikaufunga. Nikaandika herufi moja moja, naye akaangalia kila moja ikitokea, kisha akanyoosha mkono nimrudishie.

Gududa yuko levo nne. Bingwa wa mji wa nane angoje.