Presha Uliyoniuliza, Baba

Baba,

Mwakeye. Najua hutaitika, ila ningeanza bila salamu ungesema chuo cha Kasulu kimeniharibu.

Matanga tumeanua. Ndugu wa Kibondo wamerudi kwao, nyumbani tumebaki mimi, Mama na Kaka Yona. Yona anavaa mabuti yako ingawa yanambana, nikimwambia ayavue ananitolea macho. Mama amehamia upande wako wa kitanda. Kilula cha pale shuleni, bomba la kuchotea maji, kinavuja tangu uondoke, maji yanakwenda bure barabarani, na spana yako ninayo mimi. Sikigusi. Watu wakiniona na spana wataniita fundi, na neno hilo silitaki.

Unakumbuka nilivyofeli somo la joto na mtiririko wa maji? Nilikuja likizo nimenuna. Mwalimu alikuwa ameuliza tofauti ya joto na jotoridi, nami nikaandika eti ni kitu kimoja, majina tu yametofautiana. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukaniwekea mbele kikombe cha chai ya moto na ndoo ya maji ya uvuguvugu, ukauliza kipi kitamchoma mtu ulimi na kipi kitaogesha mtoto. "Kikombe kina ukali, ndoo ina wingi." Wewe uliyeishia darasa la nne! Halafu ukanipeleka bustanini, ukabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yakaruka hadi kwenye migomba. Ukasema, "Nimeyaongezea mbio tu, wingi ni ule ule." Hayo nikayaelewa siku hiyo hiyo, na mpaka leo sijayasahau.

Kilichonishinda ni presha. Mwalimu alitufundisha kwamba maji yakisimama ndani ya bomba presha inapanda, ukifungua yakatembea inashuka. Mimi niliona ni kinyume cha akili, nikawa naikariri nikiteka maji, nikipika, hata njiani kwenda kanisani. "Yakisimama inapanda, yakitembea inashuka." Wewe ukanisikia, ukasema, "Mbona nesi naye ameniambia hivyo hivyo?" Maana nesi wa zahanati alikuwa amekupima, akakupa vidonge, akakwambia upunguze chumvi na utembee tembee. Nikacheka. Ukaanza kuwatangazia watu, "Binti yangu anasomea presha." Nikacheka tena, Baba. Nilidhani unatania.

Sasa sikiliza nililolifanya, maana hakuna mtu mwingine anayelijua.

Siku ile ulinipigia saa nne asubuhi. Nilikuwa nje ya darasa, daftari mkononi, mtihani wa kurudia umebaki siku mbili. Ukasema, "Mwanangu, presha imepanda. Tangu alfajiri. Nifanyeje?" Baba, nilivimba kichwa. Fundi wa maji wa Titye nzima ananiuliza mimi! Hata umeamkaje sikukuuliza. Nikakujibu haraka haraka kama mtu aliyekaa na jibu mdomoni mwaka mzima: "Ni kwa sababu hakuna mwendo, Baba. Mwendo ukiwepo inashuka. Wewe panda mlimani mpaka kwenye tenki, utaona inashuka yenyewe." Kisha ukasema, "Haya, fundi." Hukuwahi kuniita hivyo. Nikarudi darasani natabasamu.

Walikukuta saa nane mchana, umekaa umeegemea ukuta wa tenki, kofia umeivua umeiweka magotini.

Nilipofika nyumbani bado sikujua. Nilidhani bomba lilikuwa na shida, ukapanda kuyafungulia maji kama nilivyokwambia, mauti yakakukuta huko kazini. Siku ya tatu ya msiba Mwenyekiti wa kamati ya maji akasimama mbele ya watu. Akasema tenki walilikausha siku moja kabla ya kifo chako ili lisafishwe, bomba zima lilikuwa tupu, na yeye hakukutuma huko kwa sababu hapakuwa na kazi ya fundi. Watu wakaguna, hawakumwamini. Mimi nilisikia neno moja tu, tupu. Bomba tupu halina presha ya kupanda. Hilo hata mimi niliyefeli nalijua.

Ndipo nikakumbuka kwamba maisha yako yote hukuwahi kusema presha ya maji. Ulisema nguvu. "Leo maji hayana nguvu." "Hapa bondeni nguvu ni kubwa, weka bomba nene." Presha kwako ilikuwa ugonjwa, basi. Ulikuwa na kichwa kinachopasuka, ukaacha zahanati iliyo karibu, ukampigia mtoto wako kwa sababu ndiye anayesomea. Na mtoto wako akakwambia upande mlima.

Nimekukasirikia pia, nisifiche. Kwa nini hukusema kichwa kinauma? Neno moja tu, kichwa! Ningekwambia ulale, ningempigia Yona akubebe kwa baiskeli. Halafu nasema, aa, mgonjwa afundishwe namna ya kuuliza? Mimi mzima ndiye niliyetakiwa kuuliza. Nisamehe, Baba.

Kabla hawajafunga sanduku nilikushika mkono. Kitabuni imeandikwa joto hutoka kwenye moto likaenda kwenye baridi mpaka vilingane. Nilikaa pale nimekushika, nasubiri vilingane, mjinga mimi. Shangazi akaja kunitoa. Mkono uliobadilika ni wangu, ulikuwa umepoa.

Ninalokuandikia hasa ni la Mwenyekiti. Yona alimwambia mbele ya wafiwa wote, "Umemuua mzee wetu kwa ajili ya kusugua tenki." Mzee wa watu alileta debe la maharage ya msiba, Yona akalitoa nje, likanyeshewa mpaka yakaanza kuota. Mama haitikii salamu yake. Siku hizi anazunguka njia ya bondeni ili asipite mlangoni kwetu, na kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye aliyekuwa anasoma matangazo. Ulikula naye miaka mingapi? Jumapili hii baada ya ibada kuna mkutano wa kumwondoa kwenye kamati. Kisa ni wewe. Yaani kisa ni mimi.

Nimejaribu kusema mara mbili. Mara ya kwanza Mama alikuwa anachambua mchele, nikaanza, "Mama, ile siku..." Akanikatiza, "Yule mzee Mungu atamlipa." Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Mara ya pili nilikaa naye jikoni mpaka chakula kikaiva, sikufungua mdomo. Ni woga tu, Baba, siupambi. Nikisema, Yona huenda asiniite dada tena. Mama sijui ataniangaliaje. Nisiposema, mtu asiye na kosa atazeeka akipita bondeni.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumapili nitasimama kabla hawajanyoosha mikono. Nitasema, Baba alinipigia simu mimi, akaniambia anaumwa, na mimi ndiye niliyemwambia apande. Habari za bomba na mwendo wa maji nitazieleza baadaye, wakiniuliza. Nikianza nazo watanionea huruma kabla hawajasikia kosa, na huruma hiyo ni ya Mwenyekiti kwanza. Nikimaliza nitamwangalia Mama usoni, sitainamisha kichwa.

Tangu uondoke sijatoa hata chozi moja. Watu wananisifu, eti mtoto amejikaza, ana moyo wa kiume. Uongo mtupu. Nilijua nikianza kulia nitasema yote, nikaziba.

Lala, Baba. Jumapili nikishasema, nikakaa chini, hapo ndipo nitakulilia.

Binti yako,
Neema