Sanduku la Betri Lisilovuja

Kobus, usicheke. Jana tukichoma nyama niliitambia kambi nzima kwamba sanduku la betri la trela yangu halivuji hata tone.

Hestelle alishaniambia nitoboe tundu chini, maji yapate pa kutokea. Nikamjibu, "Mke wangu, nani anazuia maji kwa kutoboa?"

Alfajiri mvua ikamwagika. Kuamka, friji kimya, bia vuguvugu. Nafungua sanduku, betri inaogelea. Maji yameingia kwa juu penye waya, silikoni niliyozibia chini ikayazuia yasitoke. Hata tone, Kobus. Hata tone halijatoka.

Mzee Faan wa hema la jirani akachungulia. "Kweli, kijana. Halivuji."

Hestelle ameniwekea drili mezani, kando ya kahawa yangu.